Kiti cha Mama Yake Geertje

Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa, Geertje alikuwa akipanga viti duara sebuleni, kama wafanyavyo watu wote wa mji wa Groningen siku kama hiyo, Wiebe mumewe alipoingia na baiskeli mpya na kuanza kuipangusa kwa taulo la kuogea. Kiti kimoja kikajitoa kwenye duara, kikashuka ngazi, kikafungua mlango, kikaenda zake. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu huo tangu waoane: baiskeli ikiingia, kiti kinatoka. Sasa kilibaki kimoja tu, kile alichoachiwa Geertje na marehemu mama yake.

"Na hii ni ya nini tena, Wiebe?"

"Ya upepo wa mashariki, mke wangu."

"Ya juzi je?"

"Ah! Ile si ya magharibi? Unataka watu wanicheke?"

Hoja alikuwa nayo, maskini. Tayari alikuwa na ya stesheni, kuukuu makusudi ili mwizi aionee huruma, ya mvua, ya Jumapili, na ya kumwazima mgeni, ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuazimwa. Mwendeshaji wa kila siku anahitaji ngapi? Zote alizo nazo, na ile aliyoiona dukani jana.

Wageni wakaja, wakapeana mikono na hongera duara zima, wakapanda kwenye siti za baiskeli, kila mmoja na kipande chake cha keki. Cha pili kwao hakipo.

Simu ya Wiebe ikaita, ni duka la baiskeli. Akavaa koti.

"Wiebe, nakuomba," alisema Geertje, ameketi, ameshika mikono ya kiti. "Kimebaki hiki tu. Mama alifia kitini humu."

"Naenda kuangalia tu. Macho hayana pazia!"

Alirudi na baiskeli nyekundu yenye kikapu. "Yako, Geertje! Zawadi! Nani kasema sikufikirii?"

Kiti kikamsimamisha Geertje taratibu, kikajisugua kidogo magotini pake, kikashuka ngazi. Geertje alilia.

"Hongera, Wiebe," alisema shangazi Jitske, kwani kwao mume naye hupongezwa.

Geertje akajaribu kupanda. Siti ilikuwa juu mno, ya kimo cha Wiebe hasa.

"Haikufai? Basi, ngoja niipande mimi, isiharibike."

Geertje alimalizia keki yake wima. Wiebe akamwomba asogee kidogo, maana alikuwa amesimama mahali pa kuegesha.