Uji wa Kwenye Themosi

Kama dharau ingekuwa na protini, Mkasi angekuwa na nguvu za kuhamisha kabati peke yake. Dharau alikuwa nayo ya kula na kusaza. Alimdharau daktari aliyempunguza tumbo kwa upasuaji, kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa na kitambi. Alimdharau mtaalamu wa lishe wa kliniki, msichana wa juzi mwenye kucha ndefu. Na kuliko wote alimdharau mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao chumba cha nyuma, na hiyo haikuwa dharau ya kuokota njiani; alikuwa ameifuga kwa miaka kumi na moja.

Jina la Mkasi alipewa karakanani, walikoshona sare za shule na za hospitali. Yeye ndiye aliyekuwa mkataji. Alitandika vitambaa tabaka nane, akachora kwa chaki, akapitisha mkasi wake mzito mara moja tu, na hakuna tabaka lililosogea. Meza ile haikuguswa na mtu mwingine. Nyama, samaki, mayai na maziwa alikuwa ameviacha miaka tisa iliyopita, siku aliyotumwa kuwapima wafanyakazi wa machinjio aproni mpya. Alirudi na vipimo vyote sawasawa, akatapika, na tangu siku hiyo hakuonja tena kitu kilichotoka kwa mnyama.

Baada ya upasuaji, yule msichana wa kliniki alimwekea mezani kikombe kidogo cha plastiki.

"Tumbo lako sasa ndilo hili," alisema. "Huli nyama wala mayai, sawa, si lazima. Lakini maharage, dengu, karanga na soya ndivyo vitangulie, kila mlo. Ukijaza tango humu, dengu zitakaa wapi?"

Mkasi aliitikia kwa heshima. Moyoni alisema: huyu ndiye wa kunifundisha mimi kula majani? Akaenda nyumbani akala tango. Tango lilishuka bila matata, tikiti nalo pia, ilhali dengu zilimkaba kifuani akajiona kama amemeza kifungo. Kilo zilikuwa zikiporomoka, majirani wakimsifu, basi akaona kila kitu kinakwenda vizuri.

Hapo ndipo mama mkwe alipoanza na uji wake. Kila alfajiri themosi ilikuwa mezani, imefungwa kikiki, na ndani yake uji wa rangi ya kahawia wenye harufu ya kitu kilichokaangwa.

"Kunywa, mwanangu, utie nguvu."

"Ahsante sana, mama. Mungu akuzidishie," Mkasi alijibu kwa sauti laini, kisha mama mkwe akitoka kufagia uwanja, uji wote ukaingia kwenye sinki.

Si kwamba alimsingizia kutoka hewani. Miaka miwili nyuma alishaukuta mfupa wa ng'ombe chini ya sufuria ya maharage yake, na mama mkwe akadai umeingia wenyewe, kana kwamba mifupa ina miguu. Na sasa kila Jumamosi mwanamke huyo alirudi kutoka mashine ya kusaga na debe la unga, nguo zake zikinuka samaki wakavu. Mtoto mchanga angejua kilichomo kwenye debe lile. Mumewe Mkasi alijua kutojua. Huyo katika ugomvi wa mama na mke alikuwa na dawa moja tu, kutafuta viatu vyake na kutoka.

Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zilianza kubaki kwenye kitana, kwanza uzi mmoja mmoja, baadaye kwa mafungu. Kisha mkono ukamsaliti. Alikuwa akikata mikono ya sare za wauguzi, mkasi ukakwama katikati ya matabaka, kiganja kikatetemeka, na vipande vyote vinane vikaenda upogo. Msimamizi aliviinua kimoja kimoja, akavitupa pembeni. Halafu akasema.

"Mwisho wa mwezi kama mkono haujarudi, meza nampa mshona vifungo."

Mshona vifungo! Mtu ambaye hata chaki anaishika kama anashika mjusi. Mkasi alilia chooni kwa hasira, akajipangusa, akarudi.

Kliniki walimtoa damu. Protini ilikuwa chini mno. Daktari alimpa wiki mbili. Isipopanda, atalazwa alishwe kwa mpira wa puani, na akilazwa, meza imekwenda. Yule msichana wa kucha alimuuliza kama nyumbani hakuna wa kumsaidia kupika.

"Yupo," Mkasi alisema. "Ananisagia samaki ananiwekea kwenye uji."

"Umeonja?"

"Nionje nini? Mimi namjua."

Msichana aliandika kitu kwenye faili lake. Mkasi aliondoka akiwa amekata shauri. Angemleta msaga unga mwenyewe mbele ya mumewe, aseme kwa kinywa chake kinachosagwa kila Jumamosi, na mama mkwe arudi kwa binti zake. Baada ya hapo angekula kwa amani na afya ingekuja yenyewe.

Msaga unga alikuwa mweupe kuanzia kope hadi viatu. Mashine ilinuka samaki wakavu, kwa sababu wafugaji wa kuku walikuwa wakisaga samaki wa kulishia humo humo. Mkasi alipomtaja mama mkwe, yule bwana akazima injini ili alalamike vizuri.

"Mama yule? Dada, yule mama atanitoa roho! Anakuja na soya yake ameshaichemsha, ameimenya, ameianika, ameikaanga. Kazi ya siku mbili hiyo. Basi nisage tu, tumalizane? Hataki! Anakuja na mahindi yake kilo mbili, pitisha haya kwanza yasafishe mashine, unga wake wape kuku. Ndipo soya iingie. Siku ya kwanza aliunusa akanirudishia, nikasafisha upya."

"Kwa nini?" Mkasi aliuliza.

"Nilimwambia, mama, harufu ya samaki haiui mtu. Akanijibu, 'Mkwe wangu hali kitu chenye macho, na mgonjwa hadanganywi.' Kwani wewe ni nani wake?"

Mkasi aligeuka akaondoka. Aliona aibu, ile aibu inayopasha masikio moto, na njia yote ya kurudi aliipita akiangalia chini.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akichagua maharage.

"Mama," Mkasi alianza. "Ule uji..."

"Unaoumwaga?"

Mkasi aliangalia sinki.

"Sinki limeziba mara tatu," mama mkwe alisema, bila kuinua macho. "Unadhani nani anazibua? Mwanangu? Yule hata koki hajui inafungwa upande gani. Ule uji ukikaukia kwenye bomba unashika kama saruji. Nimeingiza mkono wangu huu hadi kwenye kiwiko."

"Sasa mbona hukusema? Mbona uliendelea kupika?"

"Ningekwambia ungeamini? Ule mfupa wa mwaka ule niliutia mimi, nilikosea, na wewe ukaushika mpaka leo." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Sikiliza nikwambie. Mimi sikupendi. Una maringo, unanishukuru kwa mdomo na kunicheka kwa macho, na nimekudharau tangu siku ulipoolewa. Lakini dharau si sababu ya kumwacha mtu afe njaa ndani ya nyumba ya mwanangu."

Aliinuka, akamimina kikombeni robo ya uji, akaweka kijiko, akarudi kigodani. Mkasi alikaa. Kijiko kilitetemeka hadi uji ukamdondokea mapajani, na mama mkwe aliona, wala hakusogea kumsaidia. Mkasi alikunywa polepole, kijiko kwa kijiko. Uji ulikuwa mtamu, haukuwa na hata chembe ya samaki. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke. Kijiko cha saba tumbo likajaa.

"Mtamu, mama," alisema.

"Sikukuuliza," mama mkwe alijibu, akafunga themosi kikiki. "Baada ya saa mbili unakunywa tena, na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa."