Semina ya Kunong'ona

Mama mkwe wangu, Evelina, alipokuja kwetu Nzuguni kumchukua Anitha, hakumaliza hata chai. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe, changu akakirudisha kwenye kiti.

"Hiki kina harufu yako," alisema. "Nikikibeba nitakuwa nimekubeba na wewe."

Anitha alikuwa anakaribia miaka miwili na bado ananyonya. Nilishapaka mwarobaini, akakunja uso, akanyonya. Nilipaka pilipili, tukalia wote wawili, akanyonya. Kwa ndugu za mume wangu huko Kongwa, dawa ya mwisho ni bibi. Mtoto anapelekwa kwake, anakaa huko mpaka asahau ziwa, na mama yake haruhusiwi kuonekana hadi aitwe.

"Akikuona kabla ya wakati tunaanza upya," alinionya pale mlangoni. "Na kuanza upya ni kubaya, mwanangu, mtoto anakuwa ameshakuwa mjanja. Usije mpaka nikuite."

"Nimesikia, mama."

"Wala usipige simu ukataka kuongea naye."

"Sawa, mama."

"Wala Lameck asije na shati ulilofua wewe."

Mume wangu alijitazama shati. "Kwa hiyo mama nije kifua wazi?"

"Njoo na shati ulilofua mwenyewe, kama unajua sabuni inakaa wapi."

Tulicheka. Wakaondoka. Nilirudi ndani, nikakaa na kile kitenge magotini mpaka chai ikapoa.

Nilikubali kwa sababu ya kazi. Mwaka huu nilichaguliwa mwenyekiti wa akina mama wa kanda yetu ya kanisa, mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni huku tumbo likigusa dawati. Mavuno yakiisha ndiyo msimu wa semina, Jumamosi huku, Jumamosi kule. Safari zote za mwanzo nilikwenda na Anitha. Nikifungua somo, naye anafungua blauzi. Mama Edina, katibu wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa haachi kunitania: "Leo anayefundisha ni nani, mwenyekiti, wewe au huyo?"

Kuna hofu moja nilimwambia Lameck peke yake. Niliogopa Anitha akisahau ziwa atanisahau na mimi. Tangu azaliwe, kila alichokitaka kwangu kilikuwa hicho. Kikiondoka, nitabaki nani kwake?

"Utabaki mama yake," Lameck alisema.

"Unasema tu."

"Nasema tu," alikubali, akanishika mkono.

Siku zilikwenda. Maziwa yaliuma, kisha yakapungua. Simu ya kuitwa haikuja. Ikaja ya Mama Edina.

"Mwenyekiti, upepo umebeba mabati ya kanisa la Kibaigwa. Jumamosi hatuna pa kukaa. Ila wenzetu wa Mlali wamesema twende kwao."

"Mlali?"

"Mlali."

"Ile ya Morogoro?"

"Ya Morogoro tutafuata nini? Mlali yetu hii. Kwa mkweo."

Kanisa la Mlali na nyumba ya mama mkwe vimetenganishwa na uzio wa minyaa tu. Mtu akikohoa madhabahuni, kuku wa mama mkwe wanainua shingo. Na siku ya semina huwa wanafunga spika mbili mlangoni ili hata walioko mashambani wasikie. Nilimpigia mama mkwe nikiwa nimejiandaa kuambiwa nisithubutu.

Akasema, "Njoo. Kazi ya Mungu haisimami kwa sababu ya ziwa. Lakini maiki usiguse. Na usiimbe. Fundisha, omba, fanya yote, ila usiimbe."

Jumamosi, mimi na Mama Edina tulishuka njia panda asubuhi na baridi. Akina mama wa Mlali walikuwa wanatusubiri, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mwenyekiti hakuna aliyepiga kigelegele.

"Mbukwa, mwenyekiti," walinisalimia kwa Kigogo, mmoja mmoja, chini chini, kama watu waliokutana hospitali.

Mama Meshack, mwenyeji wetu, alinifunika kitenge kuanzia kichwani. "Vumilia. Bibi yake Anitha ametuambia, sauti ya mwenyekiti ikivuka minyaa, semina zote za mwaka huu atatuachia sisi huyo mtoto tumnyonyeshe."

"Mimi mwenzenu nimeshafunga duka," Mama Edina alisema. Wakaziba midomo kwa mikono ili wasicheke.

Walinipitisha nyuma ya vyoo, tukaingia kanisani kwa mlango wa wanakwaya. Spika zilikuwa zimefunikwa kanga. Ngoma imelazwa. Mabenchi yalikuwa yamesogezwa ukutani, akina mama wamekaa kwenye mikeka, magoti yakigusana, na kila mmoja mbele yake ana ungo wa karanga, anabangua.

Mjini kwetu mtu hafanyi kazi wakati wa somo. Nilifungua mdomo niwaombe waweke pembeni, Mama Meshack akaniwahi.

"Tuache tubangue. Mtoto akisikia maganda atajua ni bibi zake wako kazini. Tukikaa kimya ndipo atakuja kuchungulia."

Basi nikafundisha hivyo, nimekaa katikati yao, nikinong'ona, maganda yakivunjika pande zote. Somo nililoandika lilihitaji sauti kubwa. Lilikuwa na maneno kama "wajibu" na "mwanamke wa leo". Nilijaribu kunong'ona "mwanamke wa leo", nikajisikia kama mwizi. Nikaliacha. Nikawauliza tu wanaombeaje watoto walio mbali.

Mama mmoja wa pembeni, ambaye nilikuja kuambiwa kwamba hajawahi kusema neno katika semina yoyote, alisema binti yake yuko Dar es Salaam na simu yake haipokelewi tena. "Nikipika mlenda namwekea," alinong'ona, bila kuinua macho kwenye ungo. "Najua haji. Namwekea." Aliyekaa karibu naye aliacha karanga zake, akaanza kubangua za yule mama. Mwingine akasema la kwake. Kwa spika wangenisikiliza mimi. Siku hiyo tulisikilizana.

Ndipo Anitha akalia.

Kilio kilitoka ng'ambo ya minyaa, kile cha usingizi unaogoma kuja. Ningekitambua katikati ya soko la Kibaigwa. Kabla sijafikiri lolote mwili wangu ulishajibu: maziwa niliyodhani yamekwisha yalishuka, blauzi ikalowa mbele ya kanda nzima. Mikono yote ikasimama juu ya nyungo. Mama Edina alinitupia kanga kifuani, akanishika goti.

"Kaa," alisema.

"Analia."

"Namsikia. Kaa, Raheli."

Hakuwahi kuniita jina langu. Nikakaa. Kilio kikapanda. Mimi ninayewafundisha wengine kuomba sikuweza kuomba chochote zaidi ya "jamani, jamani".

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, imekwaruza, inaimba. Na wimbo aliokuwa anauimba ulikuwa wangu.

Ni wimbo nilioutunga mwenyewe nikiwa na uchovu wa uzazi, wa jogoo wa Nzuguni anayemgombeza Anitha kwa kutolala. Hauna maana yoyote. Mama mkwe aliusikia alipokuja kunihudumia nilipojifungua, na wakati ule alisema mtoto haimbiwi mambo ya jogoo. Sasa alikuwa anauimba taratibu, na kila mwisho wa mstari anaongeza maneno yake: *ndivyo anavyoimba mama, mama yuko Nzuguni, mama anakuja.*

"Ndiyo kazi yake kila siku," Mama Meshack alininong'oneza. "Mchana na jioni. Tumeshaujua kijiji kizima huyo jogoo wenu."

Nilielewa kwa nini alinikataza kuimba kuliko vyote: Anitha angenijua kwa wimbo. Na wimbo huohuo ndio uliokuwa unanishikia nafasi yangu kwa Anitha, siku zote hizo nilizokaa Nzuguni nikidhani nafutwa.

Kilio kilipungua. Wimbo ukafika katikati, ukakatika. Ukarudi nyuma kidogo, ukakatika palepale.

"Mama Anitha!" mama mkwe aliita, sauti nzima, kuku wakaruka. "Haya, nakuita! Ubeti wa pili umenipotea!"

Kanisa zima liliniangalia. Nikavua kile kitenge kichwani, nikasimama, nikaimba. Nilianza chini chini, kisha sauti ikafunguka, na kwenye kiitikio wanawake wa Mlali wakaupokea, kwa kuwa kweli walikuwa wanaujua.

Walitokea kwenye mwanya wa minyaa, Anitha ameshika kidole cha bibi yake, mkono mwingine kikombe cha bluu cha plastiki. Amenona. Nywele zimesukwa. Alisimama mlangoni akanitazama hadi nikaishiwa wimbo. Nikapiga magoti. Sikunyoosha mikono, niliogopa.

Alikuja mwenyewe, akikanyaga maganda. Aliivuta kanga kifuani kwangu, akaona blauzi iliyolowa, akaweka kiganja pale. Mama mkwe alikunja mikono, uso wake ukisubiri kama wangu.

Anitha aliinua kiganja, akakiangalia, akanitazama kwa masikitiko.

"Mama," alisema, kwa sauti ya bibi yake kabisa. "Umemwaga."

Kisha akanisogezea kikombe chake mdomoni. Uji wa uwele, umebaki kidogo chini. "Kunywa."

Nilikunywa. Vigelegele vyote vilivyobanwa tangu njia panda vililipuka kwa pamoja. Mtu akaenda kuzifunua spika, Mama Edina akamwambia ziache, tuko sawa.

Jioni, gari likipiga honi barabarani, niliinama nimfunge Anitha mgongoni kwa kitenge changu, kile nilichotoka nacho Nzuguni. Mama mkwe akakichukua, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wangu pamoja na karanga.

"Nenda naye kwa hiki," alisema, akanifunga chake, kinachonuka moshi na uwele. "Na mimi nisisahaulike."