Baba Aliyehamia Jikoni

Jina la Gunia alilitoa Isdori mwenyewe, tena kwa furaha. Mwaka aliozaliwa binti yake Winifrida, shamba lake lililopo nje kidogo ya Sumbawanga, kandokando ya barabara ya kwenda Namanyere, lilimpa mahindi ambayo hajawahi kuyapata tena. Mtoto naye alipowekwa kwenye mizani akakutwa na kilo nne na nusu. Isdori akampokea kwa mikono miwili, akampandisha na kumshusha kama anayekisia uzito wa mzigo, akasema, "Hili ndilo gunia langu la mwaka huu." Mkunga akacheka, mama mtu akacheka, na jina likabaki. Kila akiitwa hivyo, mtoto alikuja mbio na kujitupa mapajani mwa baba yake.

Miaka kumi na mitano ikapita. Winifrida akawa kidato cha pili, msichana mpana wa mabega na mwili mkubwa kama wa shangazi zake wote, mwepesi wa hesabu kuliko wavulana wa darasa lake. Mwezi wa tatu shule iliita wazazi, na wanafunzi waliofanya vizuri wakawa wanaitwa mbele kupewa zawadi. Lilipotajwa jina la Winifrida, Isdori alisimama juu ya benchi la nyuma, mikono hewani, akapaza sauti: "Gunia! Gunia langu hilo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Isdori naye akacheka, akidhani wanafurahi pamoja naye. Hakuona jinsi binti yake alivyoikumbatia ile zawadi tumboni, kama mtu anayejiziba.

Baada ya hapo mambo yalibadilika taratibu. Asubuhi Winifrida hakunywa chai, eti anachelewa. Jioni alisema bado ameshiba chakula cha shule. Sweta halikumtoka mwilini, na kwa baridi ya Ufipa mwezi wa sita nani angemuuliza mtu kwa nini havui sweta? Albina, mama yake, ndiye aliyeiona pini kubwa iliyobana sketi kiunoni. Akamweleza mumewe.

"Anakua huyo," Isdori alimjibu. "Wasichana wakikua wanapungua."

Na majirani walipomzunguka Winifrida nje ya kanisa na kumwambia amependeza, amepungua, Isdori aliitikia kwa kichwa kama aliyesifiwa yeye.

Jumamosi moja walikuwa wanavuna. Winifrida alikuwa mstari wa tatu, kikapu mgongoni. Alikaa chini kidogo, akainuka, akakaa tena, kisha akalala ubavu kati ya mabua na asiitike alipoitwa. Kilio cha Albina kilimfikia Masanja, jirani yao mfugaji aliyehamia huko kutoka Shinyanga. Alikuja na mkokoteni wake wa ng'ombe, wakamlaza binti juu ya majani makavu, na Isdori akatembea pembeni hadi zahanati akiwa amemshika kifundo cha mguu. Kifundo chenyewe kilienea kwenye kiganja. Hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Muuguzi waliyemkuta zamuni aliitwa Fortunata, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimhudumia binti mpaka akafumbua macho, akampa uji wa ulezi kidogo kidogo, halafu akawaomba wazazi watoke. Alibaki naye karibu saa nzima. Alipotoka, alisimama mbele ya Isdori.

"Baba Winifrida, Gunia ni nani?"

Isdori alitabasamu kabla hajajizuia. "Si huyu huyu mwanangu? Ni jina letu la utani, la nyumbani."

"Siku hizi ni la shule nzima," alisema Fortunata. "Ameniruhusu nikwambie. Akipita, wavulana wanaguna kama watu wanaobeba mzigo. Wanamuuliza ana debe ngapi. Chakula cha shule anakigawa. Kuna unga wa majani alionunua sokoni, wa kumharisha. Na siku tatu hizi amekaa kwa maji matupu."

Albina alijifunika uso kwa kitenge. Isdori aliangalia viatu vyake, vumbi la shamba bado limevitapakaa. Ile siku ya benchi ilimrudia nzima nzima, kicheko na vyote.

"Hao watoto wachapwe," alisema hatimaye. "Nakwenda kwa mwalimu mkuu sasa hivi."

"Mwalimu nitamwona mimi. Wewe una kazi ngumu zaidi." Fortunata akavuta kiti, akamkalisha. "Mwanao hana kosa la mwili. Umbo hilo ni la ukoo wenu, na umri huu mwili unajijenga, unataka chakula. Usimpime. Usimhesabie matonge. Usimsifie kupungua wala kuongezeka. Aanze siku na kitu tumboni. Soda na maandazi viwe vya siku moja moja, tena kwa nyumba nzima, siyo kwake peke yake. Mboga iwepo, maharage yawepo, dagaa wa Kirando wapo. Na mle pamoja."

"Pamoja na nani?"

"Wewe na yeye."

Isdori alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, na tangu apate nyumba yake alikuwa anakula sebuleni na Adriano, mtoto wake wa kiume, pamoja na mgeni yeyote wa kiume aliyekuwepo. Mama na binti walikula jikoni. Ndivyo baba yake alivyokula, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Jumapili iliyofuata, Adriano aliponawa na kukaa mezani, alimwona baba yake amebeba kigoda mkono mmoja na bakuli mkono wa pili, anatoka kwenda jiko la uani. Akainuka, akamfuata.

Jikoni, Albina alisimama kwa mshtuko. "Umekosa nini huko? Maji?"

"Sijakosa kitu. Nisogezeeni hapo."

Wakaanza kula. Isdori aligundua kwamba hajui azungumze nini na binti yake mwenyewe. Mwishowe akalalamika kuhusu viwavi walioharibu mahindi ya kule mtoni. Winifrida, bila kuinua macho, akasema mwalimu wao wa baiolojia amewafundisha kwamba kiwavi yule hugeuka nondo, na nondo husafiri kwa upepo.

"Kwa upepo? Kutoka wapi?"

"Mbali, baba. Usiku mmoja tu."

Akamweleza. Akiwa anaeleza, alikula matonge manne. Isdori alijua ni manne kwa sababu alishindwa kutohesabu, lakini mdomo aliufunga.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Kuna siku Winifrida alisukuma sahani na kutoka, na Isdori akabana meno hadi taya likamuuma. Kuna siku Albina alimkuta anajitazama kwenye kioo cha dirisha huku amebana mkono wake kwa vidole viwili, naye mama akaenda kulia peke yake kwenye stoo. Kila wiki mbili walikwenda kwa Fortunata. Hakuna mara hata moja aliyoitoa mizani mbele ya yule binti. Alimuuliza anavyolala, siku zake kama zimerudi, kama kichwa bado kinamzunguka, na jambo gani limemchekesha wiki hiyo. Isdori alikuwa anakaa kwenye benchi la nje akimsikiliza mwanamke yule kupitia dirishani, akistaajabu jinsi mtu anavyoweza kumrudishia mwenzake nguvu kwa maswali madogo kama hayo.

Mwezi wa nane wakawa wanapukuchua mahindi uani, baba na binti peke yao. Isdori alisafisha koo mara mbili.

"Lile jina nilikupa mimi," alisema. "Nililitoa kwa furaha. Halafu nikakuaibisha nalo mbele ya watu, na nikacheka. Nisamehe, mwanangu."

Winifrida aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye turubai. "Nililipenda lile jina, baba. Mpaka siku ile."

"Sasa nikuiteje?"

"Niite Winifrida. Si ndilo mlilonibatizia?"

Kikaja kipaimara cha mtoto wa Masanja, wakaalikwa. Watu wamejaa, pilau inapakuliwa, Masanja mwenye sherehe akamwona Winifrida na sahani yake, akachangamka: "Eh, Gunia amerudi! Mwongezeeni nyama huyo ajae!"

Isdori aliweka sahani chini. Alimheshimu sana Masanja, na mkokoteni ule hakuusahau. Akasema kwa sauti ambayo meza zote zilisikia, "Masanja, ndugu yangu, jina lile mimi ndiye niliyeliharibu, na nimeshaliondoa. Anaitwa Winifrida. Na anakula anavyojisikia."

Masanja alimwangalia, akamwangalia binti, akavua kofia. "Basi nisamehe, Winifrida. Karibu chakula." Akaendelea kukaribisha wageni kama kawaida. Winifrida alisogea na kukaa karibu na baba yake, akala pilau yake mpaka ikaisha.

Shuleni nako Fortunata alikuwa ameshapita. Alizungumza na walimu, kisha akazungumza na wanafunzi wenyewe, wavulana kwa wasichana, kuhusu miili inavyokua kila mmoja kwa wakati wake. Kelele za wavulana hazikuisha zote, lakini zilipungua hadi Winifrida akaweza kupita uwanjani bila kuzunguka nyuma ya vyoo. Kufikia mwaka mpya alikuwa amepata mwili wake mwenyewe, si ule wa mwezi wa tatu wala ule wa mwezi wa sita. Alikuwa na mashavu, alikuwa na miguu imara, na kwenye timu ya mpira wa pete hakuna aliyeweza kumsukuma akiwa amesimama golini.

Siku moja ya mwezi wa pili alirudi nyumbani na mwenzake, msichana mrefu mwembamba aliyeitwa Sayi, ambaye alisimama mlangoni mwa jiko bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Huyu ni Sayi," Winifrida alisema. "Shuleni wanamwita Mwanzi. Mchana huwa anajificha maktaba ili asile mbele ya watu. Nimemwambia aje ale kwetu."

"Shikamoo baba, shikamoo mama," alisema Sayi, kwa sauti ndogo sana.

"Marahaba, mwanangu," waliitikia wote wawili.

Isdori alikuwa na mengi ya kusema. Alimtazama binti yake akichota maji ya kunawa, akimshikia mwenzake jagi bila haraka na bila kumtazama mikono, na yale mengi akayaacha. Mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa anaifanya kazi ile kwa utulivu ambao yeye, baba mtu, alihangaika nao miezi mingi. Akajibana ukutani kuwapisha, akasubiri mgeni amege tonge la kwanza, ndipo akamuuliza kama huko kwao mvua imeshanyesha ya kutosha kupanda maharage.