Rangi ya Buluu Kaakaani

Mguu wa mjomba haukutulia. Daktari alikuwa ameingiza mrija mwembamba kama uzi katika mshipa wa damu mbele ya sikio lake la kulia, akiusogeza polepole kuutafuta mshipa unaolisha saratani. Uvimbe ulikuwa umejaa ndani ya mfupa wa shavu, umeanza kulisukuma jicho la upande huo. Dawa ikimiminwa palepale, huenda jicho likasalimika. Ikikosa, litaondolewa pamoja na mfupa.

"Liondoke tu," mjomba alisema. "Sisi maseremala tukikagua ubao tunafumba moja."

"Unafumba lipi?" daktari akauliza.

Mjomba akafumba yote mawili. Mimi, nesi wake na mpwa wake, nilijua. Hufumba la kushoto.

Daktari akasukuma rangi ya buluu mrijani ili tuone dawa itafika wapi; mshipa tuliokuwa tukiutafuta hulisha kaakaa pia. Nikamulika tochi mdomoni. Kaakaa lilikuwa jekundu vilevile; ulimi ndio uliogeuka buluu, kama wa mtoto aliyelamba barafu za rangi.

"Tumeshuka mno," daktari alisema. "Narudi nyuma kidogo. Mzee, usitikisike. Mrija ukichomoka, leo ndiyo basi."

Mguu ukaanza upya, kisha goti, kisha kiuno.

"Nimechoka, mama," mjomba akaniambia. "Nitoeni hapa."

Nyumbani wananiita Bubu. Maneno ya kumtuliza mtu hayanijii. Nikainama kwenye sikio lake la kushoto.

"Mjomba, kuna mtu anataka kuja kujitambulisha nyumbani."

Mguu ukasimama.

"Usijibu, achama tu. Hata dada yako hajui."

Jicho likanigeukia. Uso ukiniwaka moto, nikamwambia kwamba mtu huyo ana kitambi, anacheka kama mbuzi, na kwamba akichelewa kupiga simu sili. Sikubandua macho kwenye kaakaa.

Daktari akasukuma rangi tena. Buluu ikachipuka. Ikaenea upande wa kulia tu, ikakoma katikati kana kwamba imepigiwa mstari kwa rula.

"Hapohapo!" daktari alisema. "Dawa."

Pampu ikaanza kuvuma.

"Kazi yake nini?" mjomba akanong'ona.

"Mzee, mdomo!"

"Nitanyamaza. Ila huyo lazima nimwone kwa macho yangu."

Nilitamani kumwahidi kwamba jicho litapona. Lakini dawa ndiyo kwanza ilikuwa inaingia, na jicho lile, limevimba, lilikuwa likinisubiri.

"Nitamleta kesho," nikasema.