Fisi Maji wa Muzee Onésime

Kila neno linalofuata ni kweli tupu. Muzee Onésime ameapa kwa magoti yake yote mawili, na mutu aliyesukuma tshukudu miaka thelathini na moja, kutoka Sake hadi Mabanga, ile baiskeli ya mbao ikilia kwa uzito wa viazi, hana nguvu iliyobaki ya kutunga uongo.

Asubuhi moja alifika mapema mahali kijito kinapoingia ziwani, upande wa Sake, kwa sababu komite ya wavuvi ilikuwa inakuja kuamua. Miaka mitatu nyuma pale palikuwa uchafu mtupu. Mvua ilishusha udongo wa vilima vilivyokatwa miti, chupa za plastiki zikafunika maji, na watu wakazoa vitoto vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa vyandarua vya mbu, hata mitumbwi ikawa inarudi mitupu. Ndipo Pascasie, mjane muuza samaki, alipoiomba komite ipafunge, mutu asivue pale. Alipanda matete shina kwa shina ili samaki wapate pa kuzalia, maji yakimfika kifuani, huku watu wakimcheka eti analima ziwa. Sasa wavuvi wengine walikuwa wamechoka kungoja. Leo wasipoona faida, vyandarua vitarudi kesho.

Onésime alimheshimu mama yule kuliko alivyowahi kumheshimu askofu. Akaona amsaidie kidogo.

“Nimeona fisi maji!” alitangaza komite ilipofika. “Mkubwa kama mbuzi wa Masisi! Amekamata tilapia, amenitazama, amefanya ishara ya musalaba, ndiyo akaanza kula!”

Walicheka, lakini alipowaonyesha alama za nyayo kwenye tope wakasogea kutazama. Fisi maji hakai pasipo samaki, na pale hakuwa ameonekana tangu wengine wao wakiwa wadogo. Alama zenyewe zilipendeza, vidole vitano vitano, zimepangana hadi majini.

Julien, rais wa komite, aliyewahi kuwa mlinzi wa wanyama kule Rumangabo, alichuchumaa. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya kumi.

“Muzee, mnyama wako ana miguu mingapi?”

“Minne, kama wenzake.”

“Na yote ni ya kuume?”

Onésime akaficha mkono mfukoni. Kitabu cha zamani alichojifunzia mambo ya wanyama kilikuwa na picha ya mguu mmoja tu, na huo mmoja ndio aliouchonga.

“Labda alikuwa anacheza rumba,” alijaribu.

“Toa kitu kiko mu mufuko, muzee.”

Akatoa kiazi. Kilikuwa kimechongwa vizuri sana, hata kucha zilikuwepo. Ufuo mzima ulipasuka kwa kicheko, isipokuwa Samy, mvuvi mwenye watoto tisa.

“Basi na matete ni uongo vilevile! Tufungue!”

Wawili watatu wakaitikia. Onésime alitamani tope limmeze. Pascasie alimsogelea, hakupaza sauti.

“Papa Onésime, nani alikuomba? Miaka mitatu mimi minafanya kazi ya kweli, wewe unaniletea kiazi?”

Kisha akachukua beseni lake la kuuzia, akaingia majini na nguo zake, akapita katikati ya matete aliyoyajua kama mutu anavyojua vyumba vya nyumba yake. Huko ndani maji yalikuwa maangavu, tope limenaswa kwenye mizizi. Alizamisha beseni polepole, akalinyanyua, akaja nalo mbele ya Samy.

Lilikuwa linachemka. Vitoto vya sambaza, vyembamba kama sindano, mamia kwa mamia, na tilapia wadogo wakipenya kati yao. Samy aliinama hadi pua ikagusa maji.

“Na hawa nao wamechongwa?” Julien alimuuliza.

Samy alitikisa kichwa. Akalipokea beseni kwa mikono miwili, akalirudisha mwenyewe kwenye matete, akamwaga taratibu asiumize hata mmoja.

Pakafungwa miaka mitatu mingine. Na kwa kuwa anayeidanganya komite hulipa kwa jasho, Onésime, aliyekwisha kustaafu, aliazima tshukudu ya jirani apeleke mizigo kumi ya mashina ya matete kutoka bondeni. Alisukuma juma zima, mgongo ukimlilia, na kila alipopumzika alimtazama mama yule ndani ya maji, akipanda bila kuinua kichwa, akasahau kulalamika.

“Huu ni muzigo wa saba!” alitangaza siku ya tatu.

“Wa ine,” Pascasie alimpunguzia mitatu bila kugeuka, akanyoosha mkono apewe shina lingine.