Sauti ya Kuuzia Sabuni

Mtangazaji aliifuta lafudhi ya kwao kwa jasho. Alikuwa akijifungia chooni na kurudia taarifa ya habari mpaka ulimi ukanyooka, na redio nzima ikasahau alikotokea.

Siku moja mkuu wa vipindi alitaka sauti ya mama mshamba wa kuchekesha kwenye tangazo la sabuni. Waigizaji wote wakachemsha. Mtangazaji akasogelea maikrofoni, akamtoa mama yake mzima mzima: anavyovuta maneno, anavyopandisha sauti mwishoni kama anaita kuku. Studio ikavunjika mbavu.

Tangazo liliporushwa, mama akapiga simu. Mtangazaji akajua leo kimenuka.

"Mwanangu, nimekusikia!" Mama alikuwa analia. "Nimewaita na majirani. Siku zote nawaambia binti yangu hajawakana watu wake, hawaamini. Leo umeongea kama sisi, redioni! Hivyo hivyo mama, usiache tena."

Studioni, nyuma ya mtangazaji, fundi mitambo alikuwa analirudia tangazo. Mtangazaji akaiziba simu kwa kiganja, mama asisikie watu wanavyocheka.