Kikopo cha Mkubwa

Kapteni Theodora alikuwa amerusha ndege za jeshi miaka tisa, na sasa zamu yake ya kukaa chini ilikuwa imefika. Miaka mitatu hatagusa usukani. Fomu ilimtaka achague kazi moja kati ya tatu: kuwa mpambe wa mkubwa mmoja, kusimamia stoo ya vipuri, au kufundisha darasani vijana wanaojifunza urubani. Jibu lilitakiwa siku hiyo kabla ya saa kumi. Yeye yuko likizo Gongoni kwa bibi yake, Levina, kalamu mkononi, hajaweka alama.

Mara akaingia baba yake mdogo, Kornel, ametoka Isevya na dumu la asali begani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mpambe wetu!" Akalitua dumu. "Hii ya yule mzee wako wa jeshini. Umwambie imetoka kwa Kornel. Na kijana wangu Fikiri umtaje, jeshi analiweza yule."

Mwaka jana Theodora alishika upambe wa mkubwa huyo huyo siku nne, mpambe mwenyewe alipougua. Mkubwa yule hutafuna tumbaku, na kazi ya Theodora ikawa kumshikia kikopo. Mkubwa hainami kutema. Anageuza shavu tu, kikopo kiwe kimeshafika. Siku ya tatu kikachelewa, mate yakamrukia kifuani, juu ya beji ya mabawa. Mkubwa akacheka, akasema atazoea. Watu wazima wenye nyota mabegani nao wakacheka.

"Upambe siutaki," akasema. "Nilimshikia mtu mate."

"Mate yanafutika, mwanangu! Huko darasani cheo kitakupita hivi hivi. Halafu sisi Wanyamwezi kubeba ni asili yetu. Babu zetu si walibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo?"

Bibi Levina alikuwa anapanga matobolwa kwenye sahani, viazi vyake alivyochemsha na kuvikausha mwenyewe. Akasonya msonyo mrefu.

"Walibeba kwa ujira, Kornel, wakarudi na majembe waliyonunua, wakiimba. Nani alibeba makohozi? Haya, kitendawili!"

"Mama, sasa hivi jamani..."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana mabawa, lakini anafuata kiti."

Kornel akakuna kidevu. "Kuku?"

"Wapi!"

"Inzi wa chooni."

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. "Umekaribia, baba, umekaribia sana! Ila siyo. Nipe mji."

"Chukua Mwanza."

"Siutaki, joto."

"Chukua Nzega."

"Nina mashemeji wagomvi kule. Theo, mama, mpe bibi yako mji."

Theodora akaitazama fomu, akaweka alama kwenye nafasi ya tatu. "Chukua darasa, bibi."

"Hapo sawa! Nimefika, nimepewa kiti, nimekula nimeshiba. Jibu ni rubani aliyekuwa mpambe."

Kornel hakucheka. Alilinyanyua dumu lake, mfuniko haukukazwa, akatoka nalo begani bila kuaga. Asali ikawa inamchuruzika mgongoni. Kabla hajafika barabarani, inzi walikuwa wameshamfuata.

Theodora aliipiga picha fomu, akaituma. Kisha akajifuta kifuani kwa kiganja, ingawa siku hiyo alivaa kanga tu.